Jumamosi Miss Mori Alipogeuza Viatu Vyetu

Naandika haya nikiwa bado naona haya kutoka nje, maana tangu Jumamosi nikipita ngazini hapa kwetu Barking, London, akina mama wananitazama miguu kwanza ndipo uso, na sina wa kumlaumu ila mdomo wangu.

Ilianza kwa uwongo mdogo. Miss Mori, mwalimu wetu mpya wa hesabu aliyetoka Japani, alitaka nikaingie mashindano ya hesabu Jumamosi, kusimama ubaoni mbele za watu (mimi, ambaye nikiitwa jina darasani tu jasho linanitoka), nikamwambia siwezi, wikendi tuna shughuli za jamii. Nilidhani yameisha. Kumbe kijijini kwao, huko milimani, wikendi watu wote hutoka kufyeka majani na kuzibua mitaro, hata mwalimu mgeni hupewa jembe lake, na tangu aje London alikuwa akiitamani kazi ya namna hiyo. Akasema atakuja.

Ikabidi nimwombe Mama, Mama akawaomba wenzake, na Jumamosi asubuhi tukasafisha ua wa magorofa yetu, akina mama saba na Miss Mori, halafu tukapanda kwetu kunywa chai. Lakini macho yalikuwa kwake tu. Mama Zuhura, mwenye kujua habari za kila mtu, aliniuliza ni mwalimu gani huyu anayefuata watu majumbani wikendi, kwani hana kwao? Mama naye akanivuta jikoni. Mkataba wetu ni wa watu watatu na sisi tuko sita, maana Shangazi Rehema na wanawe wawili wanalala sebuleni tangu walipotolewa kwenye nyumba yao ya kupanga, na mwenye nyumba akijua, tunatoka sote.

"Mwanangu, huyo akikuuliza lolote, wewe hujui."

Miss Mori aliingia wa mwisho. Akavua viatu mlangoni kama sisi, kisha akachuchumaa na kuanza kuvigeuza viatu vyote, pea moja moja, vielekee nje, hata vile vidogo vya watoto wa shangazi. Sebuleni vikombe vikatulia.

"Anatuhesabu huyo," Mama Zuhura akanong'ona.

Hapo nikajitia akili. Wao wakiwa kwenye mahamri, nikachukua mfuko mweusi wa taka uliobaki, nikatia viatu vya shangazi na wanawe, halafu nikaona vikipungua hivyo tu atagundua, nikatia vyote isipokuwa vya Miss Mori (msiniulize hiyo hesabu niliipigaje), nikauweka mfuko nje ya mlango.

Lori la taka likapiga honi. Miss Mori, asiyeweza kuona taka akaiacha, akatoka mbio, akavaa viatu vyake, akashuka na mfuko wetu. Nilipofika dirishani alikuwa akiwapungia mkono wale wa lori, nao wanaondoka na mfuko.

Akina mama walipotoka hawakukuta hata kandambili. Wakateremka miguu mitupu hadi chini, Mama Zuhura mbele, na yeye alikuwa anaingia zamu hospitali saa nane, wakamzunguka mwalimu. Wakasema alivihesabu, sasa ameviiba. Mlango wa jirani wa chini ukafunguka, naye ni rafiki wa mwenye nyumba. Miss Mori akanitazama nimfasirie, machozi yanamlengalenga, nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi. Nilivificha asije akajua tuko sita."

Neno hilo nililisema kwa Kiswahili, halafu, Mungu anisamehe, nikalirudia kwa Kiingereza, ngazi nzima ikasikia, na yule jirani pia.

Miss Mori akainama mbele ya kila mama kuomba radhi. Akasema kwao viatu vya mgeni hugeuzwa ili akitoka avivae bila kuhangaika. Hakuuliza tuko wangapi.

Jana Jumapili, baada ya chakula, shangazi alifunga sanduku lake. Mama alimsihi asubiri, barua ya mwenye nyumba bado haijaja. Akajibu kwamba akiwa na watoto hangojei barua ya kutolewa tena, akaenda kwa rafiki yake Peckham. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

Nimeapa, nikimshuku mtu tena nitamuuliza mwenyewe, sauti itetemeke itakavyo. Lilikuwa swali dogo tu: mwalimu, mbona unageuza viatu?