Aliyekifungua Ndiye Akifunge

Tawi bichi la avoka, mti wa parachichi, likikatwa kwa kisu kikali hutoa harufu nyepesi, kati ya majani ya karoti na maji ya mvua, na haidumu zaidi ya pumzi mbili. Ukichelewa umeikosa. Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka tisa, katika ua wa babu yangu mjini Butembo, ambako asubuhi moshi wa mikaratusi ulikaa chini pamoja na ukungu na usiinuke mpaka jua lipate nguvu. Nilikuwa nimetoka Beni, kwenye joto, nikiwa na sweta moja ya kuazima na mfuko wa nguo. Kila kitu cha Butembo kilionekana kwangu kirefu na baridi: barabara za kupanda na kushuka, miti, hata babu mwenyewe, ambaye tulimwita Sokulu kama Wanande wote wanavyowaita babu zao. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba koti lake la ibada ya Jumapili lilionekana kama bado limetundikwa kwenye msumari.

Mwaka huo usalama wa Beni ulikuwa umeharibika na shule yetu ilikuwa imefungwa. Baba alibaki kulinda shamba letu la kakao, na mama hakutaka kumwacha peke yake. Kaka zangu wawili walipelekwa Kirumba kwa ndugu za baba. Mimi, kwa sababu nilikuwa msichana mdogo na nilikula kidogo, nilipelekwa kwa baba yake mama, mjane aliyeishi peke yake. Mama alinisindikiza hadi kwenye gari akanifunga vifungo vya sweta. "Muhula moja tu, Kahindo," akasema. "Nitakuja kukukamata mimi mwenyewe." Niliyaandika maneno hayo, kwamba atakuja kunichukua, nyuma ya daftari langu, na chini yake nikachora mstari kwa kila siku iliyopita. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Kwangu haukunuka, ulikuwa na sauti, ile ya saa ya ukutani ya Sokulu, iliyogonga katika nyumba ambamo watu wawili walikuwa hawajajua waambiane nini.

Kisu chake nilikiona siku ya kwanza, na nilikiona vibaya. Tulikuwa tumeketi nje baada ya chakula. Sokulu akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, akatoa kitu chembamba, cheusi, kilichopinda kidogo, kirefu kama kiganja chake. Nilidhani ni samaki mdogo aliyekaushwa. Halafu nikadhani ni filimbi. Akaweka ukucha wa kidole gumba mgongoni mwake, akavuta, na kutoka ndani ya ile filimbi kikajikunjua chuma, cheupe, chembamba kama jani la mwanzi, kikasimama kwa mlio mdogo: kli. Sikujua kwamba kisu kinaweza kujificha. Visu nilivyovijua vilikuwa na adabu ya kuonekana, viliwekwa jikoni na kila mtu alijua vilipo. Tena kwetu Beni, miezi hiyo, mama alikuwa ameacha hata kulitaja neno lenyewe. Alisema "leta kile cha kukatia", na sisi tulijua kwa nini, kwa habari za watu waliokatwa mashambani, ingawa hakuna aliyetueleza. Kwa hiyo nilipoona chuma kinazaliwa mfukoni mwa mzee, nilikimbia. Nilijibanza nyuma ya pipa la maji ya mvua, nikaziba masikio, sijui kwa nini masikio.

Hakucheka, wala hakunikimbiza. Nilisikia kli nyingine, ya kufunga, kisha nyayo zake. Alikuja mpaka upande wa pili wa pipa, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha huku, "Usiogope, mujukuu. Hii haiko ya batu. Iko ya miti." Akakiweka kile kisu, kikiwa kimefungwa, juu ya kigoda katikati ya ua, akaingia ndani kusoma Biblia yake. Kikakaa pale jioni nzima. Kesho yake akakiweka tena hapohapo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilikiendea mwenyewe.

Kwa karibu kilikuwa kitu kingine. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, umelainika kwa miaka ya kushikwa, mpana kidogo kwenye kitako na mwembamba kuelekea ubapa wa kisu, kama kiuno. Mgongoni, pale chuma kinapokunjika, palichongwa mdudu mdogo mwenye mabawa. Na ubavuni mwa mpini palipigwa misumari sita midogo ya shaba, isiyozidi kichwa cha pini, iliyopangwa kwa umbo la msalaba. Niliihesabu mara tatu. Sisi kwetu ni Wakatoliki, na rozari yangu ilipotea ndani ya gari lile lililonileta. Sokulu alikuwa shemasi wa Kiprotestanti, na katika nyumba yake yote hapakuwa na msalaba hata mmoja. Nikakaa chini karibu na kigoda, nikaweka kidole juu ya msumari wa kwanza, nikasali taratibu, msumari kwa sala, mpaka wa sita. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza tu, "Umeona ule mududu? Ni nzi ao ni nyuki?"

"Ni nzi," nikasema.

"Mwenye aliniuzishia alisema ni nyuki."

"Nyuki iko na tumbo munene, Sokulu. Hii ni nzi."

Akakisogeza mbali na macho yake, akakitazama kwa muda mrefu. "Basi miaka yote hii niko natembeza nzi," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza marefu.

Kazi yake ilikuwa kupandikiza avoka. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu, miche mamia ndani ya sashe nyeusi za plastiki, yote imeota kutoka mbegu za kienyeji. Alikata kichwa cha mche, akaupasua kidogo katikati, kisha akachukua kijiti cha mti mzuri, akakichonga pande mbili kwa mikato miwili tu, kikawa kama ulimi wa njiwa. Akakichomeka ndani ya ule mpasuko, gome kwa gome, akafunga kwa ukanda wa plastiki. Alisema ukichonga kwa mikato mitatu umeshakiumiza. Kisu kinene kisingeweza. Ndiyo maana alihitaji hiki chenye kiuno. Kazi yangu ikawa kushika kiungo kwa vidole wakati yeye akizungusha ukanda. Mara nyingi saa nzima ilipita bila neno, lakini ukimya wa mikono minne si kama ukimya wa saa ya ukutani.

Sheria ilikuwa moja. Siku nilipotaka kumsaidia na kukikunja kisu alichokiacha wazi, alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti hata akiimba. "Hapana gusa! Mwenye anafungua, njo anafungaka." Baadaye alinieleza sababu mbili. Ya kwanza: hakikuwa na kufuli, chemchemi yake ilirudi kwa nguvu, na mkono usiokizoea ungekatwa. Ya pili aliisema kwa sauti ya chini, kama shemasi asiyetaka kusikika: mtu akifunga kisu kilichofunguliwa na mwenzake, wawili hao watatengana bila kuagana.

Jirani yetu, Mama Kavira, muuza viazi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha soko zima, hakuogopa kumtania. Alikuja kuomba moto, akauona ule mpini. "Eeh! Papa Shemasi! Muprotestanti anatembeza musalaba mu mufuko, na mimi Mukatoliki mufuko yangu iko bule!"

"Ni misumari, mama. Hesabu. Ni misumari sita."

"Na Yesu, Papa Shemasi, walimupigilia na nini? Na sombe?"

Kwa majani ya muhogo! Sokulu alicheka mpaka akaweka kijiti chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake.

Asubuhi moja, muhula ukielekea mwisho, alikuwa amekwisha kupasua mche na kukichonga kijiti kwa mikato yake miwili, pikipiki ikasimama mlangoni. Kijana aliyeiendesha alileta habari kwamba mdogo wake Sokulu, wa Vuhovi, amefariki, na maziko ni siku hiyohiyo. Sokulu alisimama na kisu mkononi kama mtu aliyesahau ni cha nini. Akakilaza juu ya benchi, wazi. Kijiti akakifunika kwa kitambaa chenye maji. Akavaa lile koti lake. "Narudia sasa hivi," akaniambia. "Ulale kwa Mama Kavira kama giza inanifunga njiani."

Hakurudi siku ile wala kesho yake. Njia ilifungwa nyuma yake kwa sababu ya mapigano, na simu ya Vuhovi haikupatikana. Watu waliokuja kisimani walisema kila mmoja la kwake: amekimbilia msituni, ameonekana akielekea Luofu, hajaonekana. Niliwasikiliza wote, na kila mmoja nilimuuliza alikuwa amemwona kwa macho yake au ameambiwa. Wote walikuwa wameambiwa. Nadhani kazi ninayofanya leo, ya kukusanya habari za masoko kwa redio ndogo ya mtaa, nilianza kuifanya pale kisimani.

Kile kijiti kingekauka. Kisu kilikuwa wazi tayari, kwa hiyo sikuvunja sheria kukitumia kukata ukanda. Nikakichomeka kijiti, gome kwa gome, nikashika ncha ya ukanda kwa meno na kufunga kwa mikono miwili. Halafu nikakirudisha kisu benchini vilevile, kikitazama vilevile, nikakifunika kwa ndoo. Kila asubuhi nilitoka kwa Mama Kavira, nikainua ndoo, nikapaka ubapa mafuta ya mawese ili usishike kutu. Mama Kavira aliona akakasirika. "Funga hii kitu, mutoto! Itakukata, na mama yako atauliza mimi!" Nikamwambia siwezi, si mimi niliyekifungua. Alinyoosha mkono akifunge mwenyewe, nikamshika kitenge na kulia kwa sauti ambayo hata mimi ilinishangaza. Akauacha mkono hewani. "Basi, basi," akasema polepole. "Tunamungoja." Ndivyo tulivyofanya, na ngoja ngoja kweli huumiza matumbo. Niliamini kwamba kikifungwa tu, popote alipo, Sokulu ataanguka.

Siku ya kumi na saba nilimkuta ameketi kwenye benchi. Koti lilikuwa na tope mpaka kifuani, na alishika fimbo ambayo hakuondoka nayo. Hakunisalimu. Alikuwa ameuinamia mche wangu, akasogeza ukanda kidogo kwa ukucha. Kijiti kilikuwa bado kibichi. "Imeshika," akasema. Kisha akainua ndoo. Akakitazama kisu, akapitisha kidole kwenye mafuta, akakinusa. Akakifuta kwa koti lake la ibada, akakikunja. Kli. Ndipo nilipomkumbatia, na alinuka moshi wa nyumba za watu.

Muhula haukuwa mmoja. Nilikaa Butembo miaka sita, na mama hakuja kunichukua. Siku nilipokwenda Beni nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu mirefu, na mama alinisalimu kama mgeni kabla ya kunitambua. Hakuwa na kosa, njia ndiyo ilikuwa na kosa, lakini ile mistari nyuma ya daftari haikufutika. Sokulu alifariki miaka mitatu iliyopita, kitandani, kisu kikiwa mfukoni, kimefungwa. Alikuwa amekifunga mwenyewe. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikikifungua na kukifunga, kwa machungwa na barua tu, maana mikono yangu haikuwahi kupata ile mikato miwili.

Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda kumwona mama. Kwenye kizuizi kabla ya kuingia Beni, askari mmoja, umri wa mdogo wangu kama ningekuwa naye, aliupekua mkoba wangu. "Oyo eza nini, maman?" akauliza kwa Kilingala, hiki ni nini. Kabla sijajibu aliona pa kuweka ukucha. Chuma kikajikunjua. Akatabasamu kama mtoto. "Kitoko," akasema, kizuri, akanirudishia kwa upande wa mpini, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kikiwa wazi.

"Afande, tafadhali ukifunge."

"Funga mwenyewe, maman. Si iko yako?"

Nyuma yetu magari yalipiga honi, dereva akaondoa gari. Nikaingia Beni na kisu wazi, nimekizungushia kitenge magotini. Mama alikifunua mezani, akagusa misumari. "Kisu ya baba," akasema. Alilisema neno lenyewe. Kisha, kwa sababu ni mtoto wa Sokulu, akauliza, "Nani alikifungua?" Nikamweleza. Akafikiri. "Utamukuta wakati wa kurudia," akasema.

Sikumkuta. Siku mbili tu zilikuwa zimepita, na kwenye kizuizi walikuwapo wengine. Wale wa kwanza wamehamishwa, wakaniambia, na hakuna aliyejua ni wapi. Jina lake sikuuliza, mimi ninayeuliza watu majina kila siku. Mwenye kufikiri ataniambia huu ni ushirikina, na Sokulu mwenyewe angeona haya kanisani. Lakini kisu kiko hapa juu ya kabati, kando ya dirisha, wazi chini ya ndoo, nzi wake akitazama juu. Butembo imejaa watu walioondoka wakisema wanarudi sasa hivi, na nyumba nyingi zina kitu kilichoachwa wazi ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Kila Jumamosi napaka ubapa mafuta ya mawese, nanusa kidole, nakirudisha chini ya ndoo.