Siku Gari la Ngurumo Liliponyamaza

Dereva wa kituo cha afya waliyemwita Ngurumo hakuwa mkali hata kidogo. Jina alilipata kwa sauti. Akikusalimu asubuhi, jirani wa nyumba ya tatu naye anaitikia. Watu walicheka wakasema kosa si lake, kosa ni la lile gari la kituo, na kusema kweli ungelipanda mara moja tu ungemsamehe. Lilikuwa gari kuukuu la porini, bodi ya bati tupu, tairi za meno makubwa, milango inayocheza kwenye bawaba. Kwenye lami lilivuma. Kwenye changarawe lilipiga kelele kama sufuria zinazoporomoka kabatini. Humo ndani hakuna aliyezungumza. Watu walipayuka, basi.

Na hiyo ndiyo iliyokuwa salama ya Ngurumo, maana masikio yake yalikuwa yamekufa.

Hayakufa kwa siku moja. Kwanza ulikuja mlio mwembamba usiokatika, halafu ndege wakaacha kulia, halafu simu, halafu sauti ya mkewe. Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Nyumbani aligonga meza kwanza, ndipo aseme. Lakini garini Ngurumo hakuhitaji msaada wa mtu. Abiria walipayuka midomo wazi, naye akawasoma midomo kwenye kioo cha ndani. Injini aliisikia kwa makalio na viganja: usukani ukitetemeka hivi, badilisha gia, sakafu ikiwasha nyayo vile, punguza mwendo. Hajawahi kugonga hata kuku. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi aliogopa vilevile. Ikijulikana tu, unga umemwagika, na kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka.

Sasa aliyeleta balaa ni mkunga. Mkunga wa kituo alikuwa mama mfupi, mwenye haraka zake, asiyependa kurudia neno. Akimsindikiza mzazi hospitali kubwa, kazi yake ni kumsikiliza mtoto tumboni kwa kile kipembe cha mbao, sikio kwenye kipembe, kipembe kwenye tumbo. Ndani ya gari lile asikie nini? Ilibidi asimamishe safari kila mara, mzazi akiugulia, ndipo asikilize.

"Natafuta moyo wa mtoto ndani ya mashine ya kusaga!" alifoka. "Gari liende kwa fundi, linyamazishwe. Sitaki maneno mengi."

Fundi mwenyewe alikuwa shemeji yake Ngurumo, kaka wa mkewe, mtu wa masihara kutwa kucha. Alilizunguka gari, akalipiga bati teke, likalia.

"Shemeji, leo nakupokonya hii mashine ya kokoto. Ukitoka hapa utaongea taratibu kama bwana harusi."

Ngurumo akacheka kwa nguvu.

Alishinda gereji akitazama anavyonyang'anywa gari lake kipande kwa kipande. Fundi aling'oa viti na zulia lililooza, akalisugua bati la sakafu mpaka likawa jeupe, akalibandika vipande vizito vya lami ili lisitetemeke, na juu yake akatandaza sufi nene kama godoro. Milango akaivisha mipira mipya pembeni. Tundu la gia lililokuwa likitema vumbi na joto akalivalisha soksi ya mpira. Akaingia uvunguni akatoa mipira inayoshikilia injini, imekwisha kabisa, chuma kinagonga chuma, akatia mingine. Na bushi za springi, vile vipira vinavyozuia vyuma kugongana, akabadilisha zote. Mwisho akazivua zile tairi za meno makubwa akafunga za meno ya wastani, maana nusu ya kelele, alisema, hutoka huko chini. Kisha nyuma ya viti vya mbele akatundika pazia zito. Mkunga ndiye aliyeagiza, ili wazazi wasitiriwe.

Pazia ndilo lililomtoa Ngurumo jasho jembamba. Kwenye kioo cha ndani sasa palikuwa na kitambaa tu.

"La nini hili?" akauliza. "Litaleta joto."

"Acha uzee, shemeji. Washa twende."

Wakatoka kulijaribu. Lo! Gari lilikwenda kama linasukumwa na watu wapole. Ngurumo hakuhisi kitu. Usukani umelala viganjani, sakafu imekufa chini ya nyayo. Aliendesha barabara nzima kwa gia ya pili, injini ikipiga yowe asilolisikia, mpaka fundi akamgonga bega na kumwonyesha gia huku anacheka. Halafu fundi akageukia dirishani akasema jambo. Ngurumo akaona taya likicheza.

"Ndiyo, ndiyo!" akajibu.

Fundi akamgeukia uso kwa uso. "Nimekuuliza chai tunywe wapi. Vipi, umetia pamba masikioni?"

"Mawazo, shemeji. Mawazo tu."

Fundi alimtazama kitambo kidogo, halafu akaacha. Laiti asingeacha.

Siku iliyofuata Ngurumo aliegesha gari nyuma ya kituo, akachukua kisu cha jikoni. Alikuwa ameshaamua. Angechanachana mipira ya milango, angelitia pazia matundu, wakiuliza angesema panya. Panya wa karibu na stoo ya dawa wana sifa mbaya, nani angebisha? Alikuwa ameshaukamata mpira wa mlango wa nyuma, kisu kimegusa, kivuli kikapita juu ya mkono wake. Akageuka. Mkunga alikuwa amesimama pale, anahema, mdomo unakwenda mbio.

"...tunaondoka sasa hivi! Uchungu umemshika vibaya!"

Kisu akakichomeka chini ya kiti. Haya, kimbia.

Mzazi alikuwa msichana wa uzazi wa kwanza, na mama yake mzazi alikuwa naye. Wakapanda nyuma na mkunga. Pazia likafungwa.

Mtu mwingine yeyote angekifurahia kimya kile. Ngurumo alikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani, anajua kuna watu mlangoni wanagonga, na mlango hauoni. Aliendesha roho mkononi. Macho yalikwenda kwenye barabara, yakarudi kwenye kioo, pazia, barabara, pazia. Liliyumba. Je, limeyumba kwa kona, au kuna mtu kalivuta? Akakanyaga mafuta. Afike tu, alijiambia. Nikifika leo, nitasema mwenyewe.

Nyuma ya pazia mkunga alikuwa amesema simama. Alisema kwa sauti ya kawaida, kwani gari tulivu ni la nini? Akasema tena kwa ukali. Mara ya tatu alipiga kelele, na hata hiyo ilimezwa na pazia kabla haijafika kwenye masikio yale. Gari likateremka bonde la daraja kwa kasi ambayo dereva hakuihisi, likaingia shimoni na kurushwa juu, watu wote wakarushwa nalo.

Pazia likang'oka. Mkono ukamkaba Ngurumo ukosi. Akafunga breki, akageuka, na sasa mdomo aliuona vizuri.

"Nakwambia simama, simama! Wewe ni mtu wa namna gani? Kichwa cha mtoto kimeshatoka!"

Akazima gari, akashuka, akaufunga mlango, akasimama kando ya barabara mgongo kwao kwa heshima ya mzazi. Lile shimo! Kichwa cha mtoto kimetoka, na yeye kaingia shimoni kama anayebeba mawe. Mungu wangu, alie tu. Kazi nichukulie, lakini alie. Akatega sikio la kulia, lililokuwa na afadhali kidogo. Akangoja. Akangoja mpaka jua likamwunguza shingo. Hakukuwa na kitu, ila ule mlio wake mwembamba.

Mlango ukafunguka. Mama wa msichana akashuka na kitenge mikononi, ndani yake uso mdogo mwekundu, mdomo wazi, ulimi unatetemeka.

"Mbona halii?" Ngurumo akapaza sauti, machozi yanamtoka. "Mama, mbona halii? Nimemuua?"

Yule mama akacheka, akidhani ni utani wa furaha. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamwishia.

"Huyu? Baba, huyu analia tangu atoke."

Mkunga alisimama mlangoni, kitambaa cha kufutia mikono mkononi. Alisikia. Akakiinua kitambaa, akaziba mdomo, na Ngurumo akakiona kinacheza. Kikashuka.

"Nimesema nini?" mkunga akamwuliza.

Angeweza kusema mawazo.

"Sijui, dada. Sisikii. Ni miaka sasa."

Hakuna aliyefoka, na hilo lilimuuma zaidi. Yule mama, ambaye sasa ni bibi, akamwekea mtoto kifuani bila kuombwa. Na hapo, kupitia kitenge, kupitia shati, Ngurumo akakihisi kilio: kinasukuma, kinatetemeka, kinakata, kinaanza upya. Alikijua kwa mbavu zake kama alivyokuwa akiijua injini. Akalia bila aibu.

Walimalizia safari taratibu, bibi amekaa mbele, kiganja chake begani kwa dereva: akigonga mara moja punguza, mara mbili simama. Langoni mwa hospitali, mzazi na mtoto walipokwisha kupokelewa, Ngurumo akachomoa ufunguo akamkabidhi mkunga kwa mikono miwili.

Mkunga akaupokea. Labda alimwambia neno la kumfariji, labda hakusema kitu. Ngurumo alikuwa ameshageuka, anakwenda.