Rangi Mbichi ya Benchi la Miska

Chuo Kikuu cha Brentmere, pembeni mwa Neasden, kina maprofesa wengi na uwanja mmoja wa mpira. Maprofesa tuwaache walale. Uwanja ndio wenye historia: wanafunzi wa zamani waliujenga kwa mbao za kuokoteza, saa ambazo walitakiwa wawe maktaba. Vita vikaja, golini kukapandwa viazi. Vita vikaisha, viazi vikang'olewa, timu ikarudi, na wazee wa mtaa wanaapa kwamba viazi vililinda goli vizuri zaidi.

Mtunzaji wa uwanja huo ni Mansour, mtu wa Wete, Pemba, aliyeingia Landani kijana akikimbia siasa. Alishika mashine ya kukatia majani, na hajaiachia mpaka leo. Kila Jumamosi mkewe, Miska, alishuka basi la kutoka Kilburn na chupa ya chai ya tangawizi, akapanda jukwaa la mbao hadi benchi la pembeni, pale pasipovuja. Mpira hakuujua. Alichojua ni kwamba watoto wa watu wanaangushwa. Akianguka mmoja, awe wetu awe wa wageni, bibi huyo husimama na kupaza sauti: "Mpeni maji, mtoto wa watu!"

Jukwaa zima likaushika wimbo. Hata refa alipojikwaa, wanafunzi walimwimbia kwa Kiswahili cha puani: "Mpeni maji!"

Baridi iliyopita Miska akafariki. Mansour aliporudi kazini baada ya hitma, Ian, mkuu wa ofisi ya michezo, alimshika mkono akampandisha jukwaani. Wanafunzi walikuwa wamechanga. Juu ya benchi la Miska, ambalo halina hata pa kuegemea, palepale pa kukalia, kilipigiliwa kibao cha shaba: MISKA, ALIYETUTAKIA MAJI.

Macho ya Ian yalilengwalengwa na machozi. Ya Mansour nayo yalimtoka pima, kwa sababu nyingine. Kwao jina la marehemu hutajwa kwa dua. Haliwekwi chini ya makalio ya mtu aliyetoka kula chipsi! Lakini zawadi hairudishwi, tena ya watoto waliokuja na moyo mweupe. Akashukuru mara tatu, akashuka stoo, akarudi na tangazo akalitundika juu ya benchi: RANGI MBICHI.

Rangi hiyo haikukauka. Mvua ikapita, theluji ikapita, maua yakachanua Neasden nzima, bado mbichi.

"Baba, utasema lini?" aliuliza Lila, binti yake, nesi asiyejua kunyamaza.

"Nikasemeje? Watu wamenifanyia wema, mie niwatie aibu?"

"Basi utakufa na hilo tangazo mkononi."

"Na mie mtaniwekea benchi?"

Jumamosi moja uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Shabiki wa wageni, mnene wa kutosha viti viwili, aliliona benchi tupu, akalisogelea kinyumenyume. Mansour alikuwa akichora mstari wa kati. Alitupa chokaa, akapanda ngazi mbiombio, magoti yake yakilia kama mbao za jukwaa lenyewe.

"Usikae! Rangi! Rangi!"

Ian akaja. Akapitisha kidole kwenye ubao, akakitazama. Kikavu.

"Mansour, rafiki yangu, hii rangi gani?"

"Ya Landani, bwana. Yangoja jua."

Lila, aliyekuwa amemletea baba yake chai, akashindwa kuvumilia. "Hataki watu wamkalie Mama!" akasema, tena kwa Kiingereza, jukwaa zima likasikia. Shabiki mnene akajivuta nyuma kama aliyekaribia kukalia moto.

Ian akaiva kama kamba aliyechemshwa. "Mungu wangu. Kwetu ndiyo heshima kubwa. Marehemu bibi yangu ana benchi lenye jina lake bustanini. Kila Krismasi naenda kulikalia, nazungumza naye."

Mansour akamtazama. Masikini, mtu mzima anamkalia bibi yake kwa mapenzi. Hasira yote ikamwishia.

"Na kwenu mnafanyaje?" Ian akauliza kwa sauti ya chini.

"Maji," akasema Mansour. "Mtu akifa, mwenye uwezo humchimbia kisima. Kila anayekunywa, thawabu yamfikia kaburini."

Wote wakageuka kuutazama mfereji, lile bomba la maji la nyuma ya jukwaa. Chuo kina idara nzima ya uhandisi, na mfereji wake mmoja ulikuwa ukikohoa kutu tangu enzi za viazi.

Wiki ya pili ukawekwa mfereji mpya, na kibao kikapandishwa ukutani, juu ya maji. Jumamosi hiyo kijana wa timu ya wageni alipigwa mweleka. "Mpeni maji!" jukwaa likaimba. Akachechemea mwenyewe hadi mferejini, akanywa, akasoma jina.

"Asante, Miska," akasema kwa Kiingereza chake, akipangusa kidevu.

"Amin," akajibu Mansour, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Kisha akapanda jukwaani, akaling'oa tangazo lake. Kwenye ubao palibaki matundu ya misumari tu. Tangu Miska aondoke hakuna aliyepata kukaa pale, si yeye si mwingine. Akapitisha kidole juu ya ubao taratibu, kama anayehakikisha kwamba kweli umekauka, akakaa.