Shati la Koplo Shikanga

Katika kibanda cha Nasambu, pale Shieywe, kuna benchi la mbao ambalo halikaliwi ovyo. Wateja wanaolijua hukaa upande wa mlangoni. Upande wa ukutani ndipo alipokaa mumewe, Koplo Phanuel Shikanga, akiwa na fulana tu, mara ya mwisho Nasambu alipomwona hai.

Ngojeni niwasimulie polepole, maana huko ofisi ya polisi Nasambu hajawahi kupewa nafasi ya kuifikisha habari hii mwisho.

Nasambu ni mzaliwa wa Mayoni, binti wa wakulima wa miwa. Cherehani alijifunza kwa kumtazama shangazi yake akishona sare za shule. Alipoolewa na polisi, kibanda chake kikageuka hospitali ya sare: vifungo, zipu, mabega yaliyofumuka. Askari wakamwita Daktari.

Alasiri ile, miaka sita iliyopita, Shikanga alikuwa doria sokoni na konstebo mmoja, Chebet. Shati likanasa kwenye waya wa ua, bega likafumuka. Akapitia kwa mkewe.

"Mama Mitchel, hebu nishonee mara moja. Siwezi kuzunguka soko kama kuku aliyenyonyolewa."

"Vua. Dakika kumi tu."

Chebet akabaki nje akinunua mahindi ya kuchoma. Nasambu hajamaliza hata mstari mmoja, mayowe yakatoka duka la simu lililo jirani. Majambazi! Shikanga akachomoka vilevile na fulana yake, Chebet nyuma. Risasi zikalia. Akafia mlangoni mwa lile duka.

Aliyeandika ripoti hakumuuliza mtu. Aliona maiti yenye fulana, akaandika kwamba marehemu hakuwa na sare, hivyo hakuwa kazini. Kwisha. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka askari waliofia kazini, majina husomwa moja moja, tarumbeta hulia, wajane huitwa kuweka maua. Jina la Shikanga halijasomwa hata mara moja.

Chebet alihamishiwa mbali, kaskazini. "Mama, niliandika taarifa yangu siku ileile," alimwambia kwa simu. Ofisini wakasema haimo kwenye faili. Je, kitabu cha matukio, kile kinachoonyesha nani yuko zamu? Kiko stoo. Stoo imefungwa. Mwenye ufunguo yuko likizo. Mwenye ufunguo amehamishwa. Lete barua. Barua haina muhuri. Mama, rudi Jumatatu.

Mwaka mmoja Nasambu akabeba shati lenyewe hadi ofisini, liwe ushahidi. Karani akaligeuza huku na huku.

"Mama, mbona hili ni zima kabisa?"

Ni Nasambu mwenyewe aliyelimaliza, asubuhi ya mazishi, kwa sababu fundi haachi nguo ya mtu nusu. Alishona kwa machozi, akalipiga pasi, na mshono ukatoka safi hata jicho lisiuone. Tangu siku hiyo amekuwa akiulaumu mkono wake.

Basi mwaka huu, siku moja kabla ya kumbukumbu, akaingia Sajenti Cornelius, yule wa ofisi ya mafaili, akivua shati njiani.

"Daktari, niokoe! Kesho tuko na gwaride na hili bega linataka kuniaibisha."

Akajitupa kwenye benchi, upande wa ukutani, na fulana yake. Musimbi, anayepika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kibanda cha jirani, akachungulia.

"Sajenti, hicho kitambi huwa unakifichanga wapi?"

"Ni obusuma yako hiyo, Musimbi. Nitakufungulia kesi!"

Nasambu akatunga uzi. Akaweka mguu kwenye pedeli. Akainua macho, akamwona sajenti palepale alipokaa mumewe, na mguu ukagoma.

"Sajenti, saa hii uko kazini?"

"Niko kazini. Natoka saa kumi na mbili."

"Mbona huna sare?"

"Si uko nayo wewe?" Akacheka.

"Wakipiga mayowe huko sokoni sasa, utakimbia?"

"Nitakimbia, mama."

"Na ukifa, nani atasema ulikuwa kazini?"

Musimbi akarudisha kichwa chake taratibu.

"Mama Mitchel," Cornelius akasema, akiangalia sakafu, "orodha ya kesho imeshachapishwa. Hata nikitaka..."

"Kila mwaka imeshachapishwa! Mimi sijauliza orodha. Nauliza kitabu."

"Kiko stoo."

"Na ufunguo?"

Cornelius akajikuna shingo. "Niko nao mimi. Tangu mwaka jana."

Nasambu aliushika mkasi, akauweka chini, akaushika tena. "Mwaka mzima! Na kila nikija unaniambia mwenye ufunguo hayuko!"

"Stoo imejaa mpaka dari, mama. Nani ataanza kupekua?"

Nasambu akalitoa shati la sajenti kwenye cherehani, uzi ukining'inia, akalitundika kwenye msumari kando ya lile la Shikanga, linalokaa pale siku zote.

"Basi na hili lingoje."

"Mama, nitaendaje kituoni na fulana? Watu watanicheka!"

"Mwenzako alikimbia nayo mbele ya bunduki."

Cornelius akafika mlangoni, akapapasa mfuko wa suruali. Akatoa ufunguo, akautazama, akashuka barabarani kuelekea kituoni na fulana yake. Waendesha bodaboda wakampigia miluzi. Musimbi hakucheka.

Nasambu akafunika cherehani, akafunga kibanda, akamfuata. Mashati yote mawili alikuwa ameyakunja kwapani, na la sajenti hakukusudia kulitoa mpaka akione kile kitabu kwa macho yake.