Dema Lisilooza

Siku ya kwanza kazini Fundi Makame hakuniruhusu hata kugusa mwanzi. Alinikabidhi kamba ya usumba, ile ya nyuzi za makumbi ya nazi, akaniambia nifunge mlango wa dema. Hapa Kisiwa Panza dema ni mtego wa samaki tunaousuka kwa mwanzi. Nikafunga kwa nguvu zangu zote.

"Unafunga jela?" akaniuliza. "Sikiliza, mwanangu. Dema likipotea chini huko, usumba unaoza, mlango unafunguka, samaki wanakwenda zao. Baadaye na mwanzi wenyewe unaoza. Ndiyo kazi yetu hiyo."

Nilikaa naye miaka. Hata Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, akija kukagua, kwetu alikunywa chai tu akaondoka. Lakini mimi nilikuwa na kiburi. Shemeji yangu Faki akanilalamikia, "Madema yenu hayamalizi msimu, yakhe!" Basi nikamsukia mawili kwa siri, kwa mikanda ya buluu ya plastiki inayofungiwa mizigo, na milango nikaifunga kwa nailoni. Yalipendeza, wallahi. Mkondo ukayachukua yote mawili.

Muda mrefu ukapita, nanga ya mtu ikanasa moja. Likaletwa kwa Fundi, zima kama lilivyotoka mikononi mwangu. Ndani mlikuwa na mifupa mitupu, na changu mmoja aliyekufa karibuni, pua imechubuka kwa kujigonga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Fundi alilitambua fundo langu. Nikajua leo nafukuzwa. Akanipa kisu, akasema, "Kata." Nikakata huku nalia. Kisha akaniuliza kwa upole, "La pili liko wapi?"

Mzee yule, na magoti yake mabovu, alipanda ngalawa nami siku saba, tukiburuta kulabu ya chuma chini ya maji. Hatukuliona. Siku ya mwisho akanishika bega. "Umechoka. Kesho njoo tusuke." Nampenda mpaka leo, Mungu amrehemu.

Sasa nimestaafu, macho hayaoni tena uzi wala mwanzi. Vijana huniuliza ni kazi gani yangu iliyobaki, wakaione. Hakuna, alhamdulillahi, zimeoza zote. Imebaki hiyo moja tu, ya buluu, mlango wa nailoni. Mkilivua, wanangu, ukateni mlango kwanza, kisha mnitukane mtakavyo.