Shamba Lililovuka Mpaka kwa Baiskeli

Nilirudi Tunduma, mpakani na Zambia, na diploma ya kilimo niliyoilipia mwenyewe, nikapanga chumba kimoja. Uani nikasimamisha viroba kumi na viwili vya udongo, vikafurika mboga za mchicha na chainizi, mtaa mzima ukaja kushangaa. Kisha shangazi wa mchumba wangu akaja kutoka Zambia kukagua kama nina shamba la kumlisha binti yao. Nikamwonyesha viroba.

"Mkwe, ukihama nyumba unahama na shamba?"

"Ndiyo, shangazi. Hata leo."

Alicheka mpaka akakaa chini, akala sahani mbili za mchicha, akanikubali. Jioni baiskeli mbili za kukodi zilivuka mpaka: moja ilimbeba shangazi, nyingine kiroba cha mchicha. Nionyesheni mwenye heka ishirini aliyempa shangazi wa mchumba wake shamba akaondoka nalo.