Nondo Niliyoifunga kwa Sifa

Mama yangu anaendesha pampu ya maji kijijini kwetu, upande wa Newala, na watu wote wanamwita Mama Pampu, kana kwamba lile limashine ndilo kifungua mimba wake na mimi nililetwa kama nyongeza. Sikuwahi kulijali hadi likizo ya kidato cha tatu, lilipoanza kujizima lenyewe na watu wakasema mama analala kazini.

Kwenye bomba kubwa, hatua sitini hivi kutoka chumba cha pampu, kuna sensa, kifaa cha kupima presha ya maji. Inapeleka vipimo kwa waya mwembamba hadi kwenye paneli ya kuwashia mota, na namba zikipita kiasi pampu inazimwa ili bomba lisipasuke. Sasa kila mota ilipowaka, namba ziliruka kama mtu aliyekanyaga siafu, na pampu ikazima. Nikaenda kuangalia geji ya mshale iliyo palepale kwenye bomba: imetulia tuli. Presha ilikuwa sawa. Waya ndio uliokuwa unaongopa.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuja Jumatatu. "Mama Pampu, Alhamisi tuna kikao. Mambo yakiwa hivi, utakabidhi funguo."

"Sawa, baba," mama akajibu, akaendelea kufuta paneli isiyo na vumbi hata chembe.

Nikaapa moyoni kwamba funguo hazitoki. Nilifuata ule waya hatua kwa hatua. Nikakuta umefungwa pamoja na kebo nene ya mota, umekumbatiwa kama bibi harusi. Mama akazima umeme, nikautenga, nikaupitisha mbali. Namba zikapunguza kuruka, ila pampu ikazima tena.

Hapo ikabaki sehemu moja ambayo nilikuwa naikwepa.

Mwanzoni mwa likizo hiyo, radi ya mwisho ya masika ilipopiga karibu na pampu, mimi na fizikia yangu ya kujisifia tulichukua nondo, tukaipigilia ardhini kando ya sensa ili kuikinga. Ule waya wa sensa umezungukwa na wavu wa shaba, na upande wa paneli wavu huo ulikuwa tayari umefungwa erthi, yaani umeunganishwa na ardhi. Mimi nikaufunga na kwenye nondo yangu, nikiamini erthi mbili ni bora kuliko moja. Kisha nikamwambia mama mchanga wetu unakauka sana kiangazi na erthi inataka unyevu, kwa hiyo nondo imwagiwe maji kila asubuhi. Akaamini. Ndoo nzima, kila siku, mahali ambapo watu wanapanga foleni na ndoo!

Jirani yetu hakukosa la kusema akipita. "Mama Pampu, hicho chuma kikiota tuwekee mbegu."

Jumatano mchana mama alijaribu kuwasha. Nondo ilikuwa haijamwagiwa siku mbili kwa sababu maji yenyewe hayakuwepo. Namba zikatulia! Mama akafurahi, akakinga ndoo, akaenda kuinywesha nondo yake. Nilikuwa nimekodolea macho paneli. Muda si mrefu siafu wakarudi, na pampu ikazima.

Nikampigia fundi wa Masasi, ambaye alikuwa ametuahidi kuja Jumamosi.

"Shikamoo fundi," nikasema, nikamweleza namba zinavyoruka.

"Marahaba. Huo wavu umefungwa erthi ncha ngapi?"

"Mbili."

"Nani kafunga ya pili?"

"Fundi, mtandao unakatakata."

"Mtandao uko safi, nakusikia unavyomeza mate."

Akaeleza. Mota ikiwaka, umeme wa ardhi ya kwenye paneli na wa ardhi ya kwenye nondo haulingani, kwa hiyo umeme mdogo unazunguka kupitia ule wavu na kuchafua vipimo. Ardhi ikilowa ndiyo unapita vizuri zaidi. Nifungue upande wa sensa, ncha nizibe kwa tepu, upande wa paneli nisiuguse. Sensa yenyewe ina erthi yake.

Mama akazima umeme, nikafungua na kuziba. Tulipowasha, nikamwaga ndoo kwenye nondo makusudi. Namba hazikutikisika. Hapo nikakosa mahali pa kujificha.

"Mama, kosa lilikuwa la nondo yangu."

Akaniondolea ndoo mkononi. "Nimemwaga ndoo ngapi?"

"Nyingi."

"Na ulikuwa unacheka?"

"Kidogo."

"Kesho utayasema haya mbele ya kamati. Kicheko ukiache nyumbani."

Alhamisi, kikao kikiwa palepale kwenye pampu, nikasimama, nikasema yote. Mwenyekiti akaniangalia. "Kwa hiyo aliyelala ni nani?"

"Mimi, baba. Kwenye kipindi cha fizikia."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliagiza pampu iwashwe na kuzimwa mara tatu, uso wake ukiwa umegusana na paneli. Namba zilikaa kimya mara zote. Akageuka, akaziona funguo zilizofundikwa kwenye pindo la khanga ya mama.

"Kaza fundo, Mama Pampu," akasema. "Usije ukazidondosha."

Nondo aliing'oa jirani, anafungia mbuzi wake. Na mimi mama alinihukumu kurudisha maji yaliyomwagwa: ndoo moja kila asubuhi, hadi mlangoni kwa jirani huyohuyo, likizo yote iliyobaki. Kila nikifika ananiuliza kama ile nondo imeshaota.